WinDV: kaprogramu ka bure kwa wanaosumbuliwa na taimkodi za kanda za mini DV

Mwenye kanda za harusi za miaka ya 2000 kabatini, zile ndogo za mini DV, atanielewa. Unachomeka kamera, unafungua programu kubwa ya kuediti, kukapcha (kuhamisha video toka kandani kwenda kwenye kompyuta) kunaenda vizuri tu mpaka watu wanapotoka kanisani kwenda ukumbini, paap, inagoma, eti taimkodi imekatika, yaani zile namba za saa, dakika, sekunde na fremu (picha moja moja za video) ambazo kamera inaandika kwenye kanda. Na fundi anaweza kukwambia kanda imekufa, wakati ni nzima kabisa.

Mara nyingi ni hivi, mpiga video alirudisha kanda nyuma ili bibi harusi ajione, halafu alipoendelea kurekodi akaacha kipande kitupu hapo kati, na hizi kamera za kawaida zikikuta patupu zinaanza kuhesabu upya toka 00:00:00:00. Sasa kanda moja ina dakika ya tano mbili, pengine tatu. Ukiituma programu ikachukue 00:05:10:00 itajuaje ni ipi? Na kwa kawaida inarudi nyuma sekunde kadhaa ili ipate kasi kabla ya kukapcha, basi inaangukia patupu na kukata tamaa.

WinDV, kaprogramu ka kukapcha ka Windows, haihangaiki na hayo. Yenyewe inapokea fremu kama zinavyokuja kwenye kebo ya faya waya (FireWire, waya wa kuunganisha kamera na kompyuta), na inachoangalia ni tarehe na saa ambayo kamera iliandika ndani ya kila fremu. Ikiona saa imeruka inafungua faili jipya, kwa hiyo kanisani faili lake, ufukweni kwenye picha lake, ukumbini lake, tena tarehe na saa vipo kwenye jina la faili. Mimi hapo tu imenimaliza. Kama mpiga video alikuwa na kidole chepesi, anawasha anazima, utapata utitiri wa mafaili, ingia kwenye mipangilio uongeze sekunde za kuruka, yaani saa iruke kiasi gani ndipo ifungue faili jipya, weka hata 60, au weka sifuri isikate kabisa.

Ubaya upo. Kamera ambayo saa yake haikuwahi kusetiwa itakupa tarehe za ajabu, na orodha ya vipande vya kukapcha kwa mpigo kwa kufuata taimkodi humu usiitafute. Kidirisha chenyewe ni kadogo na sura yake ya kizamani, ila pale kuna kihesabu cha fremu zilizodondoka, yaani ambazo kompyuta imeshindwa kuzihifadhi, usikiondolee macho, kikianza kupanda ujue diski imelemewa. Saa moja ya kanda inakula kama GB 13, kwa hiyo safisha nafasi kwanza.

Ukiwa lazima ubaki na programu kubwa, rekodi toka kamera moja kwenda nyingine kwa faya waya, kanda mpya itajihesabia yenyewe mwanzo mwisho bila kukatika. Na kanda za ndugu walioko Marekani zikiruka namba mbili za fremu kila dakika, isipokuwa kila ya kumi, usishtuke, mfumo wao ni fremu 29.97 kwa sekunde na ndivyo wanavyooanisha na saa ya ukutani, picha haijapotea hata moja.

Shida kubwa ni mlango wa faya waya, laptopu za siku hizi hazina, mimi natumia deskitopu ya zamani niliyoiwekea kadi. Ule mlango wa USB wa kamera achana nao, WinDV haiuoni.