Kasha la pasteli laini 48: linamfaa anayechora watu huku Mbeya?

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Ukiomba pasteli kwenye duka la vifaa vya shule pale Mwanjelwa, mara nyingi utapewa krayoni za mafuta, zile zinazonata. Hazina vumbi, lakini asubuhi ya Juni huwa ngumu kama mshumaa na huteleza kwenye karatasi mpaka uzipashe joto kiganjani. Tunazopima hapa ni pasteli laini, kavu kama chaki: nusu vipande 48 vya mraba (kila kimoja ni nusu ya urefu wa kawaida), za daraja la mwanafunzi, zinazouzwa kwa majina mengi na ndani zinafanana mno.

Kwa kuchora mtu aliyekaa mbele yako, nusu kipande ni faida. Pozi la dakika mbili halisubiri mistari. Kilaze kipande ubavu, ujaze kivuli kikubwa cha mgongo au paja kwa mkupuo mmoja, kisha kona ya mraba ifanye kazi ya mstari. Hapo kasha linapata alama zote. Kipande kikikwaruza bila kuacha rangi usikitupe: gundi imekauka na kujenga ganda. Kisugue kwenye msasa mara mbili tatu, ndani ni laini.

Udhaifu uko kwenye rangi za giza. Pasteli ni unga wa rangi, gundi kidogo, na chaki nyeupe ya kujazia. Mtengenezaji akibana gharama, chaki inazidi, na kahawia iliyopaswa kuwa nzito inaishia kuwa chai ya maziwa. Zile zinazoitwa rangi za ngozi ni waridi na pichi. Zitabaki nzima wakati kahawia zako zimebaki vumbi. Kwa hiyo kasha peke yake halitoshi. Agiza pembeni vipande vitatu vya daraja la juu: kahawia nzito, zambarau nzito na buluu ya usiku. Bila hivyo tungelipatia kasha alama tatu kwa tano.

Hata ukiwa navyo, kuna kosa linalorudiwa sana: nyeusi kwenye kivuli, nyeupe kwenye mwanga. Nyeusi inatoboa shimo kwenye mwili. Nyeupe juu ya kahawia inazaa kijivu, na modeli anapauka kama aliyeoga asipake mafuta. Tandika zambarau au buluu kwanza, kahawia juu yake, kisha rangi ya udongo mwekundu pale umbo linapogeukia nuru. Bega linapong'aa kwa mwanga wa anga, gusa buluu hafifu mara moja tu, wala usisugue kwa kidole. Chini ya kidevu tia chungwa kidogo, hasa modeli akiwa amejifunga khanga nyekundu.

Vitabu vya Ulaya vinasisitiza dirisha la kaskazini. Usivifuate. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na kuanzia Machi hadi katikati ya Oktoba jua la mchana hupita kaskazini, hivyo nuru tulivu inaingia dirisha la kusini. Novemba hadi Februari mambo hugeuka.

Karatasi ndiyo inayoamua kama utasifu kasha au utalilaani. Manila ya dukani ni laini mno: tabaka la pili linashika, la tatu linateleza. Karatasi ya kaki, upande usiong'aa, inabeba zaidi, na rangi yake inakupa nusu ya ngozi bure, ila huchakaa na kukatika haraka. Iwe ya mazoezi. Kwa kazi ya kutunza, changanya vijiko vinne vya rangi ya maji ya ukutani na kijiko kimoja cha unga wa jipsamu, ongeza maji kidogo, paka manila mara mbili, ikikauka pitisha msasa mwembamba. Ibane kwenye plaiwudi pande zote nne, la sivyo itajikunja.

Baridi nayo ina masharti yake. Modeli akitetemeka, pozi limekufa. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari ya kifo, kwa hiyo mvike blanketi, acha wazi mkono au mgongo unaochorwa, na mpumzishe kila dakika 20. Kabla hajainuka, weka alama za chaki sakafuni kuzunguka nyayo na miguu ya kiti.

Dawa ya kukaza rangi hufifisha sehemu za mwanga. Degas, mchoraji Mfaransa aliyesifika kwa pasteli, alikuwa akiipuliza kati ya tabaka na tabaka, na huo ndio mpango mzuri: puliza mapema, ukiwa mbali kidogo na karatasi, kisha rudishia mwanga mwishoni na usipulize tena. Dawa ya nywele inaacha madoa na hugeuka njano. Vumbi usilipulize kwa mdomo. Gongagonga ubao nje.

Sponji iliyomo kwenye kasha ni nyembamba, na basi la Iringa litakuvunjia vipande. Ongeza nyingine juu. Vikichafuana, vitie kwenye kopo lenye mchele mkavu, tikisa taratibu, chekecha. Chenga zinatosha, mchele wa Kyela uache uende jikoni.