Loji ya Ziwa Bisina na michoro ya Nyero: kitanda cha kawaida, nendeni kwa ajili ya mzee

Nyota tatu na nusu kama mnataka namba, na zingekuwa mbili kama si yule mzee anayetembeza watu Nyero, kwenye michoro ya kale ya miambani. Jina la loji naliacha makusudi, mwenye loji ni mtu wa watu na anajitahidi, sitaki kumharibia, ila waliowahi kulala upande ule wa Ziwa Bisina, kule kaskazini mashariki ya mji wa Kumi, mashariki ya Uganda, wataijua tu kwa ule mkwaju mkubwa wa getini.

Sisi tulitoka Busia, mimi na mume wangu na watoto, mama mkwe na mashemeji wawili wakatoka Amukura ng'ambo ya Kenya wakatukuta kwetu asubuhi tukaenda pamoja. Mama mkwe ni Mteso, kwa hiyo Kumi kwake ni kama kwenda kwao, alikuwa anasalimia watu "yoga" kuanzia Bukedea dirishani hata hawamsikii. Njia yenyewe rahisi, Tororo, Mbale, Bukedea, Kumi, lami tupu. Shida inaanza ukiacha lami pale Kumi kuelekea ziwani. Murram, halafu ukikaribia maji ule udongo mweusi wa mabondeni, mvua ikinyesha gari dogo linalala hapo hapo. Nendeni Desemba mpaka Februari, kuna vumbi na jua kali lakini mnafika. Mkienda Aprili msije kunilaumu.

Sasa loji. Mabanda ya mviringo ya nyasi, yako mbalimbali, hamsikilizani usiku. Kitanda kizuri, shuka safi, neti nzima haina tundu. Asubuhi ukifungua mlango ziwa liko mbele yako limejaa mayungiyungi, na ng'ambo huko mlima Kadam umesimama kama ukuta, jua linatokea upande huo. Hapo sina neno. Kuna wazungu wawili tuliwakuta na madarubini makubwa wanatafuta ndege mmoja, mnana wa Fox, anayepatikana Uganda peke yake duniani na Bisina ni moja ya makao yake, wanaamka gizani wanapanda mtumbwi wanarudi saa tano wamefurahi kama wameokota pesa. Ziwa lenyewe tangu 2006 liko kwenye orodha ya Ramsar, ile ya maeneo ya maji yanayolindwa. Mimi ndege sijui, kwangu wote wadogo wa njano ni wale wale, lakini mkipenda mambo hayo mmefika.

Mambo ya kulalamika sasa. Kwenye picha zao wameandika shawa ya maji ya moto, ukweli ni kwamba kuna pipa nyuma ya jiko linawashiwa kuni na kijana anakuletea ndoo ukimwomba mapema. Ndoo sio mbaya, sote tumekulia ndoo, ila andikeni ndoo! Sola inachaji simu mpaka kama saa tatu usiku halafu kwisha, na netiwaki unaipata ukisimama karibu na ule mkwaju tu, jioni wageni wote mnakutana hapo mmeinua simu juu. Watoto wangu walinuna siku ya kwanza, siku ya pili wakasahau.

Na kilichoniudhi zaidi ni juisi. Banange! Uko Teso, machungwa yamejaa kila boma, njiani wanauza magunia kwa magunia, Soroti wamejengewa hadi kiwanda cha juisi, halafu asubuhi unaletewa juisi ya unga wa pakiti rangi ya Fanta. Shemeji mkubwa aliinuka kimya kimya akatembea mpaka kwa jirani akarudi na ndoo ya machungwa, tukakamua wenyewe pale mezani, mpishi anatuangalia tu.

Chakula kingine lakini safi, sitasema uongo. Ngege wa ziwani humo humo, atap, yaani ugali wa mtama na muhogo uliotiwa ukwaju, na majani ya kunde ya karanga ambayo mama mkwe aliyaonja akanyamaza, na yule mama akinyamaza kwenye chakula cha mtu ujue amekubali. Jioni wanatoa ajon, pombe ya ulezi, chungu kimoja katikati, mirija mirefu, wanaongeza maji ya moto taratibu. Hiyo hawalipishi. Bei ya banda ilikuwa laki mbili na nusu za Uganda na chai ya asubuhi ndani, naona iko juu kidogo kwa loji ya ndoo, na gari la kwenda Nyero wakatuongezea laki moja ambayo kwenye simu hawakuitaja kabisa. Ulizeni kabla. Sisi tuliishia kutumia gari letu na mzee akakaa mbele.

Huyo mzee ndio sababu ninaandika. Sio mfanyakazi wa loji hasa, wanampigia simu mgeni akitaka kwenda kwenye michoro, yeye anakuja na baiskeli. Kiswahili chake kizuri kuliko changu, alikifundishwa na biashara ya ng'ombe miaka aliyokuwa anavusha kwenda masoko ya Kenya. Kabla hatujafika Kumi mjini yeye na mama mkwe walikuwa wameshaulizana koo zote, akawa anamwita mama na mama anamwita baba, sisi wengine tukawa abiria.

Nyero iko kama kilomita 8 kutoka Kumi kwenye njia ya Ngora. Unaona miamba mikubwa ya granaiti imebebana juu ya tambarare, nyingine unajiuliza kwa nini haijaanguka. Tiketi unalipa pale chini, Mganda bei yake na mgeni bei yake, mashemeji wa Kenya bebeni vitambulisho. Vaeni viatu vinavyoshika, na nendeni asubuhi, saa sita jiwe linachoma mkono.

Mapango yenyewe yako zaidi ya moja na wageni wengi wanakimbilia la pili, lile kubwa, wanapiga picha wanashuka. Mzee alikataa. Alitukalisha kwenye la kwanza, dogo, jiwe moja limekalia mengine kama kofia, na michoro yake ni meupe tupu, duara ndani ya duara, na maumbo marefu yanayofanana na maganda ya mgunga. Akawaambia watoto wakae wahesabu duara wenyewe. Seti sita. Mtoto wangu mdogo alipata nane, akabishana na mzee, mzee akamwonyesha moja moja kwa kijiti bila kugusa jiwe.

Halafu la pili. Hapo ukuta umesimama juu kama mita kumi na jiwe la juu limetokeza mbele likaufunika, ndio maana mvua haijaosha. Michoro zaidi ya arobaini, myekundu, duara nyingi sana, na mingine wanasema ni mitumbwi. Mitumbwi juu ya kilima kikavu! Shemeji mdogo akasema labda ni ngazi zimelala, mzee akasema watu wamebishana kuanzia habari za michoro zilipoandikwa mara ya kwanza 1913 mpaka leo kwa hiyo na yeye karibu. Juu kushoto kuna mabaki ya mnyama, punda milia, lazima uonyeshwe la sivyo huoni kitu. Mtu mwenye maji ya chupa akataka kumwagia ukuta rangi ing'ae kwenye picha (hakuwa wa kwetu, kundi lingine) na mzee mpole yule akapandisha sauti mpaka mlinzi akaja. Kumwagia maji kunaila rangi. Msifanye.

La tatu liko mbali kidogo, dakika nane hivi kwa miguu kuelekea kaskazini, wengi hawafiki. Fikeni. Duara nyeupe tena, lakini zimezungukwa na mistari miwili miwili iliyojikunja, ndani imegawanywa vyumba vidogo vidogo, kazi ya mtu mwenye subira. Mke wa fundi kama mimi naangalia mistari ile nasema huyu aliyechora alikuwa na mkono.

Sasa sikilizeni hapa. Binamu yangu anaishi Darwin, Australia, na aliwahi kututumia video za Kakadu, mbuga yao yenye michoro ya mawe ya watu wa asili wa kule, sehemu kama Ubirr na Burrungkuy, iko kwenye urithi wa dunia tangu 1981. Kule anayekutembeza mara nyingi ni mtu wa ardhi ile ile, wenyeji wanajiita Bininj na Mungguy, na michoro mingine maarufu pale Burrungkuy imechorwa upya miaka ya 1960 tu, yaani aliyeichora ana ndugu wanaokumbuka alivyokuwa anatembea. Hadithi ina mwenyewe, na nyingine mwenyewe anakwambia hii si yako, hakusimulii. Nikamweleza mzee habari hiyo nikamuuliza, na nyinyi Wateso je, hii ni ya mababu zenu?

Akasema hapana, sisi tulikuta. Bila kuzunguka. Akasema Wateso walikuja kutoka upande wa Karamoja wakakuta mawe tayari yameandikwa, watafiti wengi wanasema ni kazi ya wawindaji, ndugu wa Batwa. Na Batwa leo wako wapi? Kisoro huko, kona nyingine kabisa ya nchi, na 1991 Bwindi na Mgahinga zilipofanywa mbuga za taifa walitolewa hata msituni walimobaki. Mzee akasema yeye anasimulia nyumba ya mtu mwingine, kwa hiyo anachokijua anakisema, pale ambapo mwenyewe hayupo anakuachia uangalie.

Mimi nimetembezwa sehemu nyingi na vijana wanaojua kila kitu, hii duara ni jua, hii ni mwezi, hii ni uzazi, kama walikuwepo siku inachorwa. Huyu alichokuwa na uhakika nacho ni cha watu wake: wazee wa Kiteso waliyaheshimu haya mawe, walipanda na chakula na pombe kuomba mvua ikichelewa, na wanawake waliokosa mtoto walikuja pia. Hapo mama mkwe akaongeza yake aliyosikia kwa bibi yake upande wa Kenya, sitaiandika, wakakaa chini ya lile jiwe wawili wale kama nusu saa wanaongea Kiteso na sisi tukanyamaza. Hiyo nusu saa peke yake ilirudisha hela yangu.

Lililoniuma ni majina. Watu wamekwangua majina yao na mwaka na "love" karibu kabisa na michoro, mengine kwa mkaa mengine kwa ncha ya msumari. Na pembeni huko kwenye miamba mingine unasikia nyundo, watu wanaponda kokoto. Hao wa kokoto siwezi kuwasema vibaya, mama ana karo ya shule na jiwe liko nyuma ya nyumba, lakini wa "love" hana sababu yoyote. Nyero na wenzake wa mashariki huku, Kakoro, Mukongoro, Dolwe kule ziwani Victoria, wamewekwa kwenye orodha ya kusubiri ya UNESCO, sasa wakija kukagua wakute "Joel + Stella" sijui watasema nini.

Loji ikitaka nyota ya nne mimi nawaambia, wekeni machungwa mezani, semeni bei ya gari mapema, na mlipeni mzee vizuri, maana tulimuuliza anachopata kwa siku na sikupenda jibu. Tulimwongezea sisi wenyewe mkononi na nyinyi fanyeni hivyo, msimpe mtu wa mapokezi ampelekee.

Kitu kingine, mkibuku semeni kabisa kwenye simu kwamba mnataka mzee wa Kiswahili. Yupo na kijana mwingine, mstaarabu, lakini anajua Kizungu na Kiteso tu, na ana haraka, ukizubaa kidogo ameshakurudisha kwenye gari bila kukufikisha la tatu.