Uzoefu wangu: sili za pampu ya steringi zilivyookoa altaneta ya Celsior, Tabora

Kwa wenye haraka: kama altaneta ya gari lako (mashine inayozalisha umeme na kuchaji betri) inalowa mafuta ya steringi, hela yako ipeleke kwanza kwenye sili za pampu (mipira inayozuia mafuta yasivuje), siyo kwenye altaneta nyingine. Mimi nilinunua seti ya sili kutoka Dar es Salaam, nikamlipa fundi umeme wa hapa Tabora aifufue altaneta ileile ya zamani, kisha nikafungiwa kizuizi cha mpira juu yake. Vitu hivyo vitatu ndivyo ninavyovipima hapa, na havilingani thamani hata kidogo.

Gari ni Toyota Celsior ya 1993, injini 1UZ-FE, V8 ya lita 4. Nililichukua kwa shemeji yangu aliyechoka kulinunulia petroli, na bei aliyonipa ilikuwa ya kindugu kweli. Nalipenda kwa sababu buti lake linameza ndoo za asali ninazozifuata upande wa Sikonge bila kulalamika, na kwenye lami linatulia utadhani halitembei. Nje ya Japani gari hilihili liliuzwa kwa jina la Lexus LS 400. Ukitafuta spea taja majina yote mawili. Mwenye duka anayekuambia za Celsior hana, za Lexus huenda zimejaa kwenye kabati lake.

Tatizo lenyewe limo kwenye jinsi injini ilivyopangwa. Pampu ya steringi iko mbele, kibakuli cha mafuta kimefungwa juu ya pampu, na chini ya pampu ndipo ilipolala altaneta. Yakivuja, mafuta hayana pengine pa kwenda. Na altaneta siyo kopo lililozibwa. Ina matundu mbele na nyuma ili feni zake za ndani zivute hewa ya kupoza nyaya na diodi (vipande vinavyogeuza umeme uwe wa kuchaji betri), kwa hiyo tone likitua karibu na tundu linavutwa ndani pamoja na hewa. Wenye Toyota za kawaida mnaweza mkawa salama kwenye hili, maana injini nyingi pampu na altaneta zimekaa mbalimbali. Fungua boneti uangalie ya kwako: kama pampu, hozipaipu au kibakuli kiko juu ya altaneta, endelea kusoma.

Dalili zilikuja taratibu. Asubuhi mkanda ulikuwa unapiga ukelele nikiwasha, halafu unanyamaza. Steringi ikaanza kuguna nikikata kona ya kuingia uani. Baadaye, usiku, nikisimama na injini ikiwa sailensa (inanguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta), taa za mbele zinafifia, nikikanyaga mafuta zinarudi. Mwisho taa ya betri kwenye dashibodi ikawa inawaka kwa haya, hafifu sana, unaiona gizani tu. Gereji ya kwanza niliyopita walitaka kuniuzia betri palepale, wakaisifia hadi basi. Nina testa ya umeme ya bei rahisi nyumbani, nikapima mwenyewe. Betri ikiwa imepumzika ilisoma volti 12.6, ambayo ni betri iliyojaa. Injini ikinguruma na taa zikiwaka ilisoma 12.1. Altaneta nzima inatakiwa kukupa kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Hapo betri haina kosa, haichajiwi.

Nikampelekea fundi umeme mmoja mtu mzima, huku Ng'ambo, ambaye kazi yake ni altaneta na stata tu. Alipoitoa hakuifungua kwanza. Aliipitisha kidole sehemu ya chini, akanionyesha: utando mwekundu umeshikana na vumbi umekuwa tope gumu, limejaa kwenye matundu karibu yote. Akakinusa kidole. "Mama, hii ni ATF, mafuta ya steringi. Altaneta hii haijafa, imenyweshwa mafuta. Nikikutengenezea ukarudi kuifunga chini ya bomba linalovuja, tutaonana tena hapa." Nikamwambia, "Shikamoo tena mzee, kwa kusema ukweli kabla ya bei." Akacheka.

Kilichokuwa ndani ninapenda kukieleza vizuri, kwa sababu ndicho kilichonifanya niamini. Altaneta inapeleka umeme mdogo kwenye rota inayozunguka kupitia kaboni mbili zinazosuguana na pete za shaba. Kaboni zinasukumwa na springi ndogo ndani ya nyumba yake ili zikiliwa ziendelee kusogea. Fundi alifungua mfuniko wa nyuma, akalegeza skrubu, akatoa nyumba ya kaboni. Moja ilichomoza vizuri. Nyingine ilikuwa imezama na haitoki; aliisukuma kwa ncha ya bisibisi ikatoka kwa shida, imezungukwa na uji mweusi mzito, unga wa kaboni uliochanganyika na mafuta. Springi ilikuwa nzima kabisa, ila haikuwa na nguvu ya kuushinda ule uji. Ndiyo maana ilikuwa ikichaji leo, kesho haichaji. Pete za shaba nazo zilikuwa nyeusi tii. Beringi ya nyuma aliizungusha karibu na sikio langu, ikasikika inakwaruza. Mafuta ya steringi ni mepesi, yanaosha grisi na kuacha chuma kikavu.

Alichofanya: aliosha ganda na nyaya kwa kisafishio cha umeme kinachokauka chenyewe, siyo petroli, akazipitisha pete msasa laini hadi shaba ikaonekana, akachomelea kaboni mpya kwa risasi, akabadili beringi. Diodi alizipima moja moja, zilikuwa nzima. Kwa kazi na vifaa nililipa 70,000. Altaneta ya mtumba ya injini hii niliyoulizia Dar es Salaam walinitajia zaidi ya laki tatu, bila kuhesabu usafiri, na bila anayejua nayo imekunywa nini huko ilikotoka. Huduma hii naipa alama zote. Tulipoirudisha garini ikasoma 14.2.

Kuhusu kuvuja sasa. Kila aliyechungulia kwenye boneti alikuwa na dawa yake. Kijana mmoja alipendekeza tuifunge altaneta kwa mfuko wa nailoni, mifuko ambayo tangu Juni 2019 imepigwa marufuku nchini, sijui angeipata wapi. Hata ungepatikana, ungeyeyukia kwenye injini, na altaneta isiyopata hewa inajipika yenyewe. Mwingine akasema tukate bati tulikunje liizunguke pande zote. Kosa ni lilelile, ila kwa chuma. Wa tatu alileta kichupa cha dawa ya kuziba uvujaji. Hiyo nimewahi kuitumia kwenye gari lingine na naijua: inalainisha na kuvimbisha mpira wa sili, kwa hiyo sili iliyokauka kidogo inaweza kushika kwa muda. Sili iliyokatika au oringi (pete ya mpira ya kuziba kiungo) iliyokuwa ngumu kama plastiki haiisikii. Na yupo aliyesema niongeze mafuta ya breki kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo. Tafadhali, hapana! Mafuta ya breki yanaharibu mpira wa mfumo wa steringi, na baada ya hapo utanunua kila kitu. Celsior hii inatumia ATF aina ya Dexron, basi.

Kabla ya kuagiza chochote nilitaka kujua yanavujia wapi hasa, maana mafuta yanatambaa. Unayaona kwenye altaneta, chanzo kiko sentimita nyingi juu yake. Fundi gereji aliosha pampu, akaikausha, akaipaka poda ya watoto hadi ikawa nyeupe yote. Tukawasha injini nikazungusha usukani kulia na kushoto huku yeye akimulika tochi. Baada ya muda mfupi mistari miwili myekundu ilijichora kwenye poda: mmoja ulianzia pale kibakuli kinapokutana na pampu, mwingine nyuma ya puli, kwenye sili ya shafti. Hozipaipu ya presha ilibaki nyeupe. Bila poda tungebadili hozi kwanza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imelowa kuliko vyote. Angalizo: injini ikinguruma usiguse hozi ya presha kwa kidole ukitafuta panapovuja. Presha ya mle inachana ngozi.

Seti ya sili ilinifikia kwa basi kutoka Dar es Salaam, 45,000 pamoja na gharama ya kifurushi. Ndani kulikuwa na sili ya shafti, oringi za ukubwa mbalimbali na pete ya kufungia. Ubora wake nausema hivi: sili ya shafti ni nzuri, mdomo wake laini na springi yake imekaa sawasawa. Oringi ya kibakuli ilikuwa nene vizuri na ikaingia bila kulazimishwa. Ila vishera vya shaba (pete bapa za kuziba) vya kwenye kiungo cha hozi ya presha havikuwemo, na hivyo ni lazima vibadilishwe ukishafungua. Tulivipata kwenye duka la spea za pikipiki na magari mjini kwa bei ya kutupa, lakini kama ungekuwa mbali na mjini, Ipole au Usinge, ungekwama. Maelekezo yalikuwa picha moja tu ya pampu iliyofumuliwa, imefifia. Kwa hayo mawili nakata alama moja.

Wakati wa kufunga, fundi aliiangalia shafti kwa jicho kali kuliko nilivyotarajia. Sili ya zamani huwa inachimba mfereji kwenye chuma, na mfereji ukiwa mkubwa sili mpya itavuja vilevile. Ya kwangu ilikuwa na alama nyembamba tu, akaisugua kwa msasa laini wenye mafuta. Kichujio cha waya kilicho chini ya kibakuli kilikuwa kimejaa uchafu. Tulikisafisha, na nadhani ile kuguna ya steringi nusu yake ilitoka hapo. Mkanda tuliubadili. Kwenye injini hii mkanda mmoja unazungusha pampu, altaneta na kompresa ya AC, na ulikuwa umelowa hadi umevimba pembeni. Mkanda ulioshiba mafuta utateleza hata ukiukaza, na ukikatika unapoteza chaji na wepesi wa usukani kwa mpigo. Mwenye Celsior aangalie pia kivalvu kidogo cha hewa kilichofungwa kwenye pampu, chenye mipira miwili myembamba inayokwenda kwenye injini. Kikipasuka ndani, injini inafyonza ATF na kuichoma; utaona moshi mweupe nyuma na kibakuli kinapungua bila tone chini. Cha kwangu kilikuwa kikavu.

Kutoa hewa kwenye mfumo kunahitaji uvumilivu. Tuliinua magurudumu ya mbele kwa jeki, tukazungusha usukani mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, tukaongeza mafuta, tukarudia, ndipo tukawasha. Povu lilipoisha kwenye kibakuli, kazi ikaisha. Usiushikilie usukani ukiwa umekata mwisho kabisa kwa zaidi ya sekunde chache, pampu inapata moto bure.

Kizuizi nilikiweka baada ya yote hayo, na nakieleza mwisho kwa sababu ndicho chenye thamani ndogo kuliko wenzake. Ni kipande cha mpira mnene wa matopeo ya lori, upana kama kiganja, kimefungwa kwa bolti mbili za mabano ya pampu na kuinamishwa ili tone likianguka lielekee pembeni, lidondoke chini bila kugusa altaneta. Hakigusi altaneta, kati yake na matundu pana nafasi ya vidole viwili, na hakiko karibu na mkanda wala feni. Fundi hakunitoza kitu zaidi ya mpira wenyewe. Kazi yake hasa ni ya siku ya kuongeza mafuta, mkono ukitetemeka ATF ikamwagika, na ya siku sili zitakapochoka tena. Ninakichungulia: kikiwa na unyevu mwekundu najua pampu imeanza, kabla taa ya betri haijaniambia.

Kiangazi chote kimepita, na vumbi la njia za kuingia porini kufuata mizinga mnalijua wenyewe, halafu mvua zikaanza. Voltmita bado inasoma 14 na kitu, mkanda haulii, kibakuli hakijashuka chini ya alama. Kuna unyevunyevu mdogo kwenye kiungo cha hozi ya kurudisha mafuta, ambao haujafikia kudondoka; klipu zake ni za zamani na nitazibadili. Waosha magari nimewaambia wasielekeze presha ya maji mbele ya injini, nao wanaahidi, halafu nikigeuka wanaelekeza, kwa hiyo siku hizi sehemu hiyo naifuta mwenyewe kwa tambara.

Kwa jumla: fundi umeme alama 5 kati ya 5, seti ya sili 4, kizuizi cha mpira 3. Seti nyingine ya sili nimeshaiagiza, iko kwenye droo pamoja na vishera vyake vya shaba.