Kulala jahazini Musandam na watoto: safari ipi ulipie kwanza

Kabla hujaangalia picha, muulize mwenye safari swali moja: usiku tutatia nanga wapi? Mazulia na matakia utayakuta karibu kila jahazi la Khasab, bandari kuu ya Musandam. Kinachoamua kama watoto watalala au watatapika ni maji mtakayokuwa juu yake saa nane za usiku.

Musandam ni ncha ya Oman iliyotengwa na nchi nyingine yote kwa ardhi ya Falme za Kiarabu, milima yake ikizamia moja kwa moja kwenye Mlango wa Hormuz. Wengi huiita Norway ya Arabuni. Lakini kule Norway mabonde yalichongwa na barafu. Huku ardhi yenyewe ilididimia, bahari ikaingia mabondeni. Waarabu huita khor, nasi neno hilo tunalo siku zote: hori. Ndani ya hori ndefu mawimbi ya bahari kuu hayafiki, na utulivu huo ndio unaoulipia.

1. Usiku mmoja Khor Sham, kutoka Khasab. Kwa familia yenye watoto wadogo, sioni ya kuipita. Hori hii ina urefu wa zaidi ya kilomita 15, miamba mitupu huku na huku. Mtapita vijiji kama Nadifi na Maqlab ambavyo havina barabara. Hata maji ya kunywa huletwa kwa boti. Pomboo wa hapa wana nundu mgongoni, jamii ileile inayoonekana Kizimkazi, na mabaharia wakipiga miluzi mara nyingi hulifuata jahazi. Kisha kuna Kisiwa cha Telegraph. Miaka ya 1860 Waingereza walijenga hapo kituo cha waya wa simu za maandishi kati ya India na Ulaya, wakakihama baada ya miaka michache. Kuta zimebaki magofu, na maji yanayokizunguka kisiwa ni mazuri kwa mtoto anayejifunza kutazama samaki kwa miwani.

Jioni mnakula samaki na wali, magodoro yanatandikwa kwenye sitaha. Hapo ulizia jenereta. Likizimwa saa nne, mtasikia mbuzi wakilia mlimani, na usiku mwingine maji humeta ukiyagusa kwa mkono. Likiachwa linguruma hadi alfajiri, umepoteza nusu ya ulichokilipia.

Na majaketi ya kujiokolea. Safari yetu ya kwanza yalikuwapo ya watu wazima tu. Binti yangu wa miaka minne tulipomvisha, likamtoka kichwani. Siku ile sikufurahia chochote, nilikaa nimemshika mkono mpaka tukarudi bandarini. Tangu hapo hutuma uzito wa kila mtoto mapema, na naomba picha ya majaketi yenyewe kabla sijatoa riali moja.

2. Kukodi jahazi zima, hori ileile. Mkiwa familia tatu mkachanga, hii inapanda kuwa ya kwanza. Kinamama wanapata sitara, mnaswali kwa wakati wenu, watoto wakisinzia hakuna wa kuwapigia muziki. Ukiwa na bibi au babu, muulize nahodha kuhusu ngazi: mzee anapandaje kutoka gatini, anashukaje?

3. Kutoka Dibba, mji wa mpakani upande wa mashariki. Kwa mkaaji wa Dubai, Sharjah au Fujairah ni karibu zaidi, na hilo huwavuta wengi. Lakini upande huu unatazama Ghuba ya Oman, vighuba vyake ni vifupi, na upepo ukigeuka jahazi hucheza usiku kucha. Mchana ni safari njema sana. Kulala, peleka vijana. Nakala za pasipoti huhitajika siku kadhaa kabla, kwa sababu unavuka mpaka.

4. Siku mbili hadi Kumzar. Kijiji hiki hakifikiki kwa barabara, na watu wake wana lugha yao, Kikumzari, yenye asili ya Kiajemi na Kiarabu kingi ndani yake. Natamani kila mtoto akione, ila baadaye. Njia inapita maji ya wazi ya Hormuz, mikondo ni mikali. Hakikisha pia hali ya usalama wa mlango huo wiki ya safari yenyewe.

Msimu ni Novemba hadi Machi. Kiangazi sitaha huwaka joto hata usiku, na Januari utahitaji blanketi zito. Upepo wa shamali ukivuma, nahodha mwenye akili hatoki; kubaliana naye kabla, kwa maandishi, kuhusu kurudishiwa pesa au kubadilisha siku.

Kwa gari, Dubai hadi Khasab ni chini ya kilomita 200. Kutoka Muscat utaingia Falme za Kiarabu na kutoka tena, kwa hiyo angalia viza za wote na bima ya gari inayokubalika nchi zote mbili. Ndege kutoka Muscat huchukua kama saa moja.

Beba tangawizi, kofia, na tochi moja kwa kila mtoto: mara nyingi choo kiko tezini, na njia ya kufika huko usiku hupita katikati ya waliolala.