Nyota ngapi kwa hospitali yenye ghorofa mbili zisizojuana?

Niliapa kuwapa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri hairuhusiwi. Sasa hata sijui.

Jina naliacha. Ni hospitali ya binafsi hapa Dar. Shida yangu ilikuwa hii: moyo unaenda mbio, kifua kinabana, midomo inakufa ganzi, halafu vidole vinajikunja na kukakamaa hadi chaki inadondoka. Siku iliponikuta darasani watoto walipiga kelele, "Mwalimu kapandisha mashetani!" Mwalimu mkuu akaita bajaji.

Kwenye vipimo siwalaumu. Walipima moyo, wingi wa damu, sukari, hata homoni za tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi navyo hukimbiza moyo. Majibu yote safi. Nikarudi kwa daktari nikidhani sasa ndiyo tunaanza kazi.

Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia kompyuta. "Moyo safi, damu safi. Sasa unataka nikuandikie nini? Kama ni ED, sema." Kisha akamgeukia nesi: "Hawa walimu bwana," wakacheka. Mbele yangu! Mtu umekakamaa mikono mbele ya wanafunzi sitini, unaambiwa umefuata ED, karatasi ya kukaa nyumbani. Nikauliza, basi ni nini? Akasema, "Ni mawazo. Acha mawazo, mama, pumzika." Kama mawazo yangeachika, ningeshayaacha kituo cha daladala siku nyingi. Nikatoka na B kompleksi na vidonge vya usingizi ambavyo sikuviomba.

Aliyeniokoa ni binti wa maabara. Alinikuta nimekaa kwenye benchi nalia, akaninong'oneza, "Mwalimu, panda juu, kuna mwanasaikolojia." Juu! Jengo lile lile, ngazi zile zile.

Yule dada hakuanza kuniuliza matatizo yangu. Aliuliza kinachotangulia: vidole au pumzi? Sikujua. Akanikalisha, akathibitisha kwenye faili kwamba moyo wangu umepimwa, akaniambia nipumue haraka kwa nguvu huku ananiangalia. Haikuchukua muda, midomo ikaanza kuwasha, vidole vikaanza kujikunja. Nilitaka kukimbia. Akasema, "Sasa toa pumzi polepole, ndefu kuliko unayoingiza." Vikaachia. Ugonjwa ulionitesa miezi umeitwa na kufukuzwa mbele ya macho yangu, bila sindano!

Maelezo yake nayakariri kama somo: ukiwa na hofu unapumua kupita kiasi bila kujijua, unatoa hewa ukaa nyingi kuliko mwili unavyotengeneza. Damu inaegemea upande wa alikali, kalsiamu iliyo huru inapungua, neva zinakuwa nyepesi kushtuka, misuli ya mkono inakaza. Mishipa ya damu ya ubongo nayo inasinyaa, ndipo kizunguzungu. Kumbe oksijeni ilikuwepo tele, na kadiri nilivyopigania hewa ndivyo nilivyozidi kukakamaa. Ule ushauri wa kupumulia kwenye mfuko wa khaki, ambao shuleni kila mtu anao, akaukataa: kama tatizo ni pumu au moyo kweli, mfuko unaweza kukuua.

Hofu ya nini? Hapo ndipo nilipomwambia habari ya mkopo. Kausha damu, ule wa riba ya kunyonya, mnaujua. Wanapiga simu katikati ya kipindi, na simu ikitetemeka tu kwenye mkoba, mwili unatangulia kabla sijajua nani anapiga. Hakuniambia niache mawazo. Tulipanga: mazoezi ya pumzi asubuhi na jioni nikiwa mzima, na kuingia darasa lile lile nililoanza kulikwepa. Ikishindikana zipo dawa za kila siku, ila huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Sijafika huko. Bado hunijia, lakini siku hizi chaki haidondoki.

Kwa hiyo nyota tano? Ndivyo nilivyotaka kuandika, hadi nilipofika dirisha la malipo. Bima ililipa vipimo vyote bila swali, ila saa moja ya mazungumzo, iliyonisaidia kuliko vyote, nikalipa taslimu. Hasira ikarudi. Nikamkumbuka na yule mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, tumbo linamuuma mwaka mzima na kila kipimo safi. Naye ametoka na B kompleksi. Yule daktari hajui kuna nini juu ya kichwa chake, au anajua na anaona uvivu kuandika rufaa?

Nimeweka tatu. Tano za juu, moja ya chini, gawanya kwa mbili. Hapana, kile kicheko bado nakisikia. Mbili.

Ukienda, mapokezi usiwaulize, watakuambia huduma hiyo hawana. Panda ngazi, pita macho, pita meno, mlango wa mwisho.