Daftari la CWGC mtandaoni: linafaa kweli kumtafuta rubani aliyepotelea bahari yetu?

Jarife la mvuvi wa Kojani au Nungwi likinasa kipande cha ndege, mara nyingi kipande hicho huishia kwenye mizani ya vyuma chakavu. Anayetaka kujua kwanza ndege ilikuwa ya nani na rubani wake yuko wapi, huelekezwa kwenye daftari la mtandaoni la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC), tume iliyoanzishwa 1917. Kutafuta ni bure, simu inatosha, na majina yaliyomo yanafika milioni 1.7 ya waliokufa katika vita vikuu viwili. Kwangu ni chombo kizuri sana cha hatua ya mwisho, ila wengi hukianzia, kisha wakakilaumu.

Daftari halijui ndege. Hakuna mahali pa kuandika nambari ya injini wala ya bamba la kipuri. Linamjua mtu: jina, cheo, nambari yake ya jeshi, kikosi, tarehe ya kufa na mahali anapokumbukwa. Kwa hiyo kazi ya mwanzo ni ya mikono, na hapo ndipo mambo mengi huharibika.

Bamba likishatoka baharini lisisuguliwe kwa brashi ya waya wala kutiwa siki. Alumini iliyolala chumvini hulainika, na herufi zilizogongwa juu yake ndizo za kwanza kufutika. Liloweke kwenye maji baridi yasiyo chumvi, uyabadilishe kila siku. Kisha lipige picha gizani, tochi ukiilaza ubavuni ili kila alama itupe kivuli. Karatasi nyembamba iliyopitishwa penseli juu ya bamba huonyesha hata tarakimu ambazo picha imezikosa. Kama kipande bado kiko chini, kiache hukohuko. Mzamiaji azame wakati wa maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, apime, apige picha na ahesabu silinda.

Silinda husema mengi. Ndege aina ya Catalina ina injini mbili, kila moja silinda 14 katika safu mbili. Sunderland ina injini nne za aina ya Bristol Pegasus, silinda 9 kwa safu moja. Swordfish ina moja tu, Pegasus vilevile. (Hii isichanganywe na manowari ya Kiingereza Pegasus iliyopigwa na manowari ya Kijerumani Königsberg bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Mtu akikwambia kaona Pegasus chini, muulize: ya mapanga au ya mizinga?) Nambari ya kipuri inayoanza na 28 huelekeza kwenye Catalina, kwani kiwanda cha Consolidated kiliipa ndege hiyo muundo namba 28. Lakini nambari ya kipuri si nambari ya ndege. Kosa hili huwapoteza wengi. Nambari ya ndege ya Kiingereza ya wakati ule ni herufi moja na tarakimu nne, au herufi mbili na tarakimu tatu. Taji na herufi AM maana yake ni mali ya wizara ya anga tu, basi.

Aina ikijulikana, tafuta kikosi. Kikosi namba 259 kilirusha Catalina kutoka Kipevu, Mombasa, kisha Dar es Salaam kuanzia 1943. Namba 209 kilikuwa Kipevu pia, na namba 230 kilileta Sunderland Dar es Salaam mwaka huohuo wa 1943. Ndege za jeshi la majini zilikuwa na kituo Tanga, kilichoitwa HMS Kilele kama vile ni meli. Kumbukumbu za safari za vikosi vya anga ziko hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, London, chini ya alama AIR 27, na humo ndimo mna tarehe unayoihitaji.

Sasa fungua daftari. Usichague nchi! Kisanduku hicho kinauliza mtu anakumbukwa wapi, si alifia wapi. Wanaanga wasio na kaburi waliopotea Afrika Mashariki wameandikwa kwenye mnara wa Alamein, Misri, na wale wa ndege za majini wako Lee-on-Solent, Uingereza. Ukiweka Tanzania utawakosa wote. Weka vita, jeshi, na tarehe kwa upana wa siku mbili tatu kila upande. Kwenye kikosi andika 259 tu. Wa ndege za majini watafute chini ya jeshi la majini, kwa jina la meli au kituo.

Majina yenye tarehe moja na kikosi kimoja yakijipanga pamoja, yahesabu. Catalina ilibeba watu wanane au tisa hivi. Ukipata watano Alamein, wengine huenda waliopolewa wakazikwa. Angalia makaburi ya vita ya Dar es Salaam, njia ya Bagamoyo, na Mbaraki, Mombasa. Au walinusurika, na aliyenusurika hayumo kabisa. Wanaanga wa jeshi la majini la Uingereza, Cull na Arnold, walitunguliwa Rufiji tarehe 11 Julai 1915, wakaokolewa wote wawili: ndege ilianguka, maiti hakuna. Wamarekani pia usiwatafute humu.

Ujanja mmoja unaookoa muda: humo kwenye orodha mtafute Mkanada au Mwaustralia. Mafaili ya Waaustralia ya ajali yako hifadhi yao ya taifa, mfululizo A705, na mara nyingi hueleza ajali nzima pamoja na wenzake waliokuwemo.

Mifupa ikionekana, kazi isimame. Wapigie polisi na Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, uwape majira ya GPS na kina, usiguse kitu. CWGC huzika na kutunza kaburi. Kutambua mabaki ya askari wa Uingereza ni kazi ya kitengo cha wizara yao ya ulinzi, JCCC. Ukitaka daftari lirekebishwe, ambatisha hati ya wakati ule inayotaja jina, tarehe na nambari ya ndege. Picha ya bamba peke yake haitoshi, kwani vipuri vilihamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine.