Wiki kumi za mafunzo ya agiliti (mchezo wa mbwa kuruka viunzi na kupita vikwazo akiongozwa na mwenyewe) na mbwa wangu koli hapa Arusha, uzoefu wangu

Naanza na jibu kwa wale wanaotaka kujua tu kama hela inalipa. Inalipa. Nawapa nyota nne kati ya tano na hiyo moja niliyoibakiza nitaieleza huko chini. Nililipa laki tatu na nusu kwa wiki kumi, kila Jumamosi saa moja asubuhi hadi saa tatu, uwanja uko upande wa Usa River, mbwa sita tu darasani. Mwalimu ni mama mmoja wa hukuhuku Meru, jina siliweki kwa sababu sijamuomba ruhusa.

Mbwa wangu anaitwa Kaniki, ni border collie jike, mweusi tii ana kola nyeupe shingoni na soksi nyeupe miguuni, sasa hivi ana mwaka mmoja na miezi minne. Nilimpata akiwa na wiki tisa kutoka kwa familia iliyokuwa na wazazi wake wote wawili, na wale walikuwa wamewapima macho kabla ya kuwazalisha, kitu ambacho nakushauri ukiulize kabla hujatoa hata shilingi maana koli wana ugonjwa wa macho wa kurithi na nyonga pia zinaweza kuwa na shida. Nikamleta Njiro nikamlea kama tunavyolea mbwa wote mtaani kwetu, yaani mchana bandani, usiku anafunguliwa alinde. Jamani usifanye hivyo kwa koli. Alipofika miezi mitano akaanza kufukuza vivuli vya nguo kwenye kamba, anakimbia huku na huku mpaka ulimi unatoka nje lakini haachi, bodaboda ikipita getini anajibamiza kwenye wavu, na siku akipata upenyo anaenda kwa jirani.

Jirani yangu ni babu mmoja mstaarabu sana, siku moja kaja kugonga geti ananiambia mwanangu njoo umwone mbwa wako, kawaweka kuku wangu kwenye kona tangu saa nane, hawajala hawajanywa. Nimefika nikakuta Kaniki kalala chini kifua ardhini, kichwa kakishusha, kawakazia macho kuku kumi na moja wamejibana ukutani, hajawagusa hata unyoya. Niliogopa, nikadhani nina mbwa mwenye matatizo ya akili.

Ndo nikaanza kutafuta mwalimu. Wa kwanza alikuwa anafundisha mbwa wa ulinzi, sitamtaja. Yeye kazi ni mnyororo wa kukaba na fimbo. Wiki mbili tu, Kaniki akawa akiona kamba anatambaa kwa tumbo na kujikojolea. Nilimtoa hapo nikiwa nimeumia sana moyoni na ilinichukua zaidi ya mwezi mbwa akubali tena kufungwa kamba bila kutetemeka. Hawa mbwa wanahisi kila kitu, ukimpandishia sauti tu anabeba hiyo kitu siku nzima.

Huyu mama wa Usa River siku ya kwanza hakugusa kifaa chochote. Alituuliza kila mtu mbwa wake anafanya nini nyumbani, nikamweleza ishu ya kuku na vivuli, akaniambia mbwa wako hana ubaya wowote, anafanya kazi aliyozaliwa nayo ila hajapewa kazi. Akatueleza kwamba koli wametoka mpakani mwa Uingereza na Uskoti kwa wachunga kondoo, na karibu wote wa leo ukirudi nyuma kwenye ukoo unamkuta dume mmoja anaitwa Old Hemp aliyezaliwa 1893, ambaye sifa yake ilikuwa anachunga kimyakimya, habweki wala hang'ati, anawasogeza kondoo kwa jicho tu. Dume huyo alizalisha watoto zaidi ya 200 ndo maana lile jicho limesambaa. Nikaunganisha na wale kuku kwenye kona, nikaelewa. Na agiliti yenyewe akasema sio kitu cha zamani, ilionyeshwa mara ya kwanza London mwaka 1978 kwenye maonyesho ya Crufts, ilikuwa kitu cha kuwaburudisha watu wakati wa mapumziko tu, wazo lilitoka kwenye farasi wanaoruka viunzi.

Sasa nije kwenye kitu kilichonishangaza zaidi na ambacho kwangu peke yake kinastahili hiyo laki tatu na nusu. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa na kila mtu kwamba dawa ya koli ni kumchosha. Basi nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri nakimbia nae kilomita nane mpaka kumi, jioni mpira wa kurusha nusu saa. Kila wiki akawa na pumzi zaidi na utulivu unazidi kupungua. Mwalimu akaniambia unatengeneza mwanariadha asiyejua kuzima injini. Akaniamuru nipunguze mbio, mpira niuweke kabatini kabisa, na wiki mbili za kwanza kazi iwe moja tu, MKEKA. Kila mbwa ana kamkeka kake, anafundishwa kwenda pale, kulala, kulegeza mwili mpaka nyonga zinaanguka upande mmoja, na kukaa hapo wakati dunia inaendelea. Kwanza sekunde tano, afu kumi, afu dakika. Akasema pia mtoto wa mbwa anatakiwa kulala masaa kama 16 hadi 18 kwa siku na koli hatalala mwenyewe kama kuna kitu cha kuangalia, kwahiyo mchana nikamhamishia chumba cha stoo, pazia limefungwa, hakuna vivuli. Wiki ya tatu tabia ya vivuli ilipungua, wiki ya sita ikaisha. Nililia kwa kweli, nilikuwa nimeshafikiria kumgawa.

Kwenye mkeka ndo tulijifunza klika, kale kadude kanakolia tk ukikabofya. Ukibofya maana yake hapo hapo ulipofanya sawa, zawadi inakuja. Kuna kaka mmoja darasani alikuwa anadharau hayo mambo anasema ya kizungu, mwalimu akamwambia wale panya wa shirika la APOPO pale chuo cha SUA Morogoro wanaonusa mabomu na vimelea vya TB wamefundishwa kwa klika hiyohiyo, na wanafundishwa na Watanzania. Akanyamaza. Na kabla ya kubofya kwa mbwa tulifanya zoezi bila mbwa, mwalimu anadondosha mpira sisi tunabofya kabla haujagusa chini. Inaonekana kitoto lakini nusu yetu tulikuwa tunachelewa kila mara, na ukichelewa unamlipa mbwa kwa kitu alichofanya BAADA. Zawadi nilitumia maini ya ng'ombe, unachemsha, unakata vipande vidogo kama punje ya mahindi, unakausha kidogo kwenye oveni au juani. Dagaa wananuka mfukoni ila wanafanya kazi.

Jambo lingine ni maneno. Sisi tumezoea kusema kaa, kaa, kaa weee kaa! Mwalimu alikataza kabisa. Alitupa mfano wa koli mmoja Marekani, Chaser, alifundishwa majina ya midoli 1,022 na akawa anayatofautisha, sasa mbwa wa aina hiyo ukimrudia neno mara nne unamfundisha kwamba neno ni mara nne. Kila mtu achague maneno yasiyofanana kwa sauti. Mimi natumia mkeka, pita kwa handaki, hop kwa kiunzi, zigi kwa vijiti anavyopita zigizaga, na basi tukimaliza. Kingine, koli haangalii mdomo wako sana, anaangalia mabega na vidole vya miguu yako vinaelekea wapi. Nilikuwa nalalamika Kaniki anakosea kiunzi, nikarekodiwa video, kumbe mimi ndo nilikuwa nimegeuza mabega mapema na yeye alinitii.

Viunzi vyenyewe tulianza wiki ya nne na vilikuwa CHINI, fito imelala ardhini. Wengine walinung'unika, wanataka kuona mbwa anaruka. Lakini mifupa ya mbwa wa saizi hii inamaliza kukua kwenye miezi kama 12 hadi 18, kabla ya hapo ukimrusha juu kila siku unamharibia viungo na yeye hatakuambia, koli anakimbia hata akiwa anaumia. Kwenye mashindano ya FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, mbwa wakubwa wanaruka hadi sentimita 60. Kaniki yuko kwenye 30 na sina haraka.

Vifaa vya nyumbani nimetengenezesha mwenyewe na hapa nataka niwape faida wengine. Vijiti vya zigizaga ni bomba za plastiki za maji, nafasi kati ya kijiti na kijiti ni sentimita 60, seti kamili ni vijiti 12 ila anza na viwili halafu vinne. Handaki, upana wake ni sentimita 60, nilinunua bomba jeusi la maji nikakata vipande vya mita moja na sentimita 90, nikavikunja pete, fundi cherehani akashona turubai juu yake, mita nne. Halafu weka viroba vya mchanga pembeni, lisipotulia likamzungukia mbwa ndani hatarudi tena humo. Lile paa la umbo la A ambalo mbwa anapanda na kushuka, fundi seremala wa mtaa wa Unga Ltd alinipigia, rangi tulichanganya na mchanga laini ili miguu isiteleze, chini njano ambapo mbwa lazima aguse akishuka. Sehemu ya kugusa ndo ngumu kwa koli kuliko zote kwa sababu anataka kuruka kutoka juu, tumefanya hiyo kitu wiki tatu nzima.

Afya, nisiache. Wiki ya saba jua lilitoka kali na dume mmoja koli wa familia iliyokuwa inatoka Moshi alianza kupepesuka nyuma baada ya kama dakika kumi za kazi, macho hayako sawa, anatembea kama amelewa. Mwalimu alijua palepale, alisimamisha kila kitu, kivuli, maji kwenye tumbo na makwapa, baada ya nusu saa hivi akawa mzima. Hali hii inawapata baadhi ya koli wakifanya kazi kwa nguvu hasa kwenye joto, na wanaoishi Moshi muwe makini zaidi maana kule chini kuna joto kuliko huku, fanyeni alfajiri. Kupe pia, huku kwetu kupe ni adui namba moja, ukiona fizi zimepauka au mkojo umekuwa kama kahawa usisubiri kesho. Na tafadhali sana msimchome koli ile ivomeki, dawa ya minyoo ya ng'ombe, ambayo watu wa maduka ya pembejeo wanapenda kushauri, kuna koli wenye jeni ambayo inafanya dawa hiyo iingie kwenye ubongo na kuua. Muone daktari wa mifugo, akupe dawa ya mbwa.

Sasa hiyo nyota moja. Masika ilitukuta, Jumamosi tatu zikafutwa, ujumbe unatumwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi wakati mtu nimeshafika Tengeru na gari nimeazima kwa kaka (daladala hawakubali mbwa, na bajaji kutoka Njiro hadi huko ni hela ndefu). Tulifidiwa mbili, moja ikapotea hivihivi. Uwanja una mbigili kona ya mashariki, nilitoa tatu kwenye mguu wa Kaniki siku moja. Lakini kilichoniuma kweli ni wiki ya nane, ule ubao unaopanda na kushuka kama mizani haukuwa umefungwa vizuri, Kaniki alipofika katikati ukadondoka kwa kishindo na kuyumba pembeni. Aliruka, akakimbilia kwenye gari, hakutoka. Mwalimu aliomba msamaha vizuri na hakumlazimisha, namheshimu kwa hilo, ila kifaa kizito kama kile ulitakiwa ukague kabla ya mbwa, sio baada.

Nani asichukue koli? Kama unataka mlinzi, chukua mbwa mwingine. Kama unarudi nyumbani saa mbili usiku kila siku na hakuna mtu mwingine wa kufanya nae kazi, nakuomba usichukue. Hahitaji masaa mengi, mimi natumia vipindi vitatu vya dakika tano tano na matembezi ya kunusanusa tu, ila lazima viwe kila siku. Kuku wa babu sasa wanapita uwanjani kwetu, nasema mkeka, anaenda chini ya mparachichi analala, macho yanawafuata ila mwili umetulia, babu mwenyewe amekuja kuangalia mara mbili.

Vijiti anapita sita bila msaada. Ule ubao wa mizani bado. Nimetengeneza mdogo nyumbani, nimeuweka juu ya tofali moja tu iliyolazwa na chini nimetandika godoro bovu ili usipige kelele, kila siku nabofya kwa chochote anachothubutu mwenyewe. Wiki ya kwanza alikuwa anaupita kwa mbali mita mbili. Jana ameweka miguu miwili ya mbele, ubao ukashuka kidogo, akaniangalia, hakukimbia.